Kutoka Karakana Hadi Mezani: Historia ya Kuunga Sehemu za Metali na za Resini katika Visanamu vya Uraibu, 1893–2011

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna sehemu za metali na za resini zilivyoungwa katika visanamu vya uraibu, hususan nchini Uingereza, tangu mwaka 1893 hadi mwaka 2011. Maelezo yaliyozoeleka huichukulia historia hiyo kuwa hadithi ya gundi peke yake: gundi dhaifu ilifuatwa na gundi kali, na kazi ikawa nyepesi. Makala haya yanapinga maelezo hayo. Hoja yake kuu ni kwamba gundi za kisasa hazikuiondoa kazi ya kuunga, bali ziliihamisha kutoka karakana ya mtengenezaji hadi mezani kwa mnunuzi. Pamoja na kazi hiyo vilihama pia ujuzi wa kuandaa kiungo na sehemu ya hatari za kiafya zilizokuwa zimebaki kiwandani.

1. Utangulizi

Kisanamu cha uraibu ni umbo dogo la mtu, mnyama au chombo cha vita, ambalo hupakwa rangi na kutumika katika michezo ya vita ya mezani au kuwekwa kama pambo. Umbo la mtu mzima kwa kawaida huwa na kimo cha milimita 25 hadi 32. Udogo huo ndio unaolifanya suala la kuunga kuwa gumu. Mkono wa kisanamu unaweza kushikwa na eneo la kiungo lisilozidi milimita chache za mraba, na eneo hilo ndilo linalobeba uzito wa mkono, upanga uliomo mkononi, na kila mshtuko utokeao kisanamu kinaposogezwa mezani.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa. Neno metali katika makala haya linarejelea aloi zinazoyeyuka kwa joto dogo, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Neno risasi limetumika kwa maana ya metali yenyewe, si ya silaha. Resini, katika fani hii, si utomvu wa mti wala ulimbo wa kunasia ndege, ingawa jina limetokana na utomvu. Ni plastiki ya poliyurethani inayopatikana kwa kuchanganya vimiminika viwili ambavyo huganda ndani ya kalibu. Nayo polistaireni ni plastiki nyingine, ambayo hulainika kwa joto na kusukumwa kwa mashine ndani ya kalibu za chuma. Tofauti kati ya resini na polistaireni ni ya msingi katika mjadala huu, kwa sababu gundi inayofaa moja haifai nyingine.

2. Kiungo kabla ya gundi

Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kusubu askari wa risasi walio wazi kwa ndani. Aloi iliyoyeyushwa ilimiminwa ndani ya kalibu, ikaachwa igande pembeni tu, kisha iliyobaki ikamwagwa nje kabla haijaganda. Njia hiyo ilipunguza kiasi cha risasi kilichotumika, na kwa hiyo ilipunguza bei. Kwa upande wa kuunga, jambo la kuzingatia ni kwamba wengi wa askari hao walikuwa na mkono uliosubiwa peke yake na uliokuwa ukizunguka. Mkono huo haukugundishwa. Begani palikuwa na kishikizo kidogo, na pete ya mkono ilivishwa juu yake kisha ikabanwa. Kiungo kilikuwa cha umbo, na kilikamilishwa na mfanyakazi kabla bidhaa haijatoka kiwandani. Mnunuzi alipokea askari mzima.

Mnunuzi alihitaji ujuzi wa kuunga pale tu askari alipovunjika. Kichwa kilichokatika kilirudishwa kwa njia iliyoenea katika nyumba nyingi za Waingereza: kijiti cha kiberiti kilipenyezwa ndani ya shingo iliyo wazi, kisha kichwa kikasimikwa juu yake. Njia hiyo inaweza kuonekana kuwa ya kitoto, lakini ina kanuni ambayo itarejea katika kila kipindi kinachojadiliwa hapa: palipo na nguvu za kupinda, kiungo hudumu kikiwa na kitu kinachopita ndani ya pande zote mbili.

Njia nyingine ilikuwa kulehemu. Hii nayo ilikuwa na kikwazo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za selsiasi na bati kwenye nyuzi 232, lakini mchanganyiko wa viwili hivyo unaweza kuyeyuka hata kwenye nyuzi 183. Fundi aliyetumia lehemu ya kawaida alikuwa katika hatari ya kuyeyusha upanga aliokusudia kuuunga. Waundaji wa mifano ya reli nchini Uingereza walilitatua tatizo hilo kwa kutumia lehemu maalumu inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 hivi. Suluhisho hilo lilihitaji chombo chenye joto linalodhibitiwa na mkono uliozoea, na hivyo lilibaki kuwa la wachache.

3. Gundi zilizotoka katika vita

Gundi ambazo baadaye zilitawala meza za waunganishaji hazikubuniwa kwa ajili yao. Nchini Uingereza, kampuni ya Aero Research iliyoanzishwa na Norman de Bruyne huko Duxford, karibu na Cambridge, ilibuni gundi ya Redux mwaka 1941 kwa ajili ya kuunga metali katika ndege. Redux ilithibitisha kwamba metali inaweza kugundishwa na kubeba mzigo mkubwa. Hata hivyo, ilihitaji joto na mgandamizo ili ikauke, masharti ambayo hayakuweza kutimizwa katika nyumba ya kawaida. Gundi ya epoksi iliyouzwa na kampuni ya Ciba ya Uswisi kwa jina la Araldite kuanzia mwaka 1946 ndiyo iliyoondoa sharti hilo. Aina zake za sehemu mbili, zilipochanganywa, ziliweza kukauka katika joto la kawaida la chumba.

Nchini Marekani, mwaka 1942, Harry Coover na wenzake wa kampuni ya Eastman Kodak walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Waliikataa jamii ya kemikali iitwayo sianoakrileti kwa sababu ilinata kwenye kila kitu ilichogusa. Mwaka 1951 kemikali hiyo ilichunguzwa upya, na Fred Joyner aliipaka kati ya vioo viwili vya kifaa cha kupimia mwanga, navyo vikashikana visitengane. Kasoro ya mwaka 1942 iligeuka kuwa sifa. Gundi hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1958 kwa jina la Eastman 910.

Namna inavyofanya kazi inaeleza ubora wake na udhaifu wake. Sianoakrileti haikauki kwa kupoteza maji kama gundi ya mbao. Unyevu mdogo uliopo juu ya kitu na hewani huzifanya molekuli zake kushikana kuwa minyororo mirefu, na tukio hilo huchukua sekunde chache. Kwa sababu hiyo hufanya kazi vyema ikiwa katika tabaka jembamba sana kati ya nyuso zinazokutana barabara. Ikirundikwa kwa wingi, hukauka polepole na kiungo huwa dhaifu. Aidha, ni ngumu lakini si nyumbufu. Hustahimili nguvu inayovuta moja kwa moja, ilhali huachia mapema inapopigwa au inapobanduliwa kutokea ukingoni.

4. Kalibu na idadi ya vipande

Swali linalofuata ni kwa nini kisanamu kilihitaji kugawanywa katika vipande. Jibu halipatikani katika gundi, bali katika kalibu. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, visanamu vya metali vilisubiwa hasa ndani ya kalibu za mpira mgumu zenye umbo la sahani mbili. Kalibu ilizungushwa kwa kasi ili aloi isukumwe hadi pembezoni. Umbo lililosubiwa ilibidi litoke bila kunaswa pale sahani zilipotenganishwa. Mpira huruhusu kupinda kidogo tu. Mkono unaopita mbele ya kifua, au bawa lililokunjwa juu ya mgongo, haviwezi kutoka bila kuirarua kalibu.

Hivyo basi, mchongaji alikuwa na njia mbili. Aliweza kubuni umbo bapa lenye mikono iliyotandazwa, au kulikata umbo vipande na kumwachia mtu mwingine kazi ya kuviunga. Maadamu gundi ya kutumika nyumbani haikuwapo, mtu huyo alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na kila kiungo kiliongeza gharama ya ujira. Ilipopatikana gundi ambayo mnunuzi yeyote aliweza kuitumia bila moto wala mashine, gharama hiyo iliweza kuhamishwa.

Uhamisho huo ulishamiri pamoja na kukua kwa michezo yenyewe. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974. Kampuni ya Games Workshop iliundwa London mwaka 1975, na mchezo wake wa Warhammer ulitolewa mwaka 1983. Michezo hiyo ilihitaji majoka, mazimwi na wapanda farasi, ambavyo ni vigumu kusubiwa katika kipande kimoja. Kisanamu kikageuka kutoka kitu kilichokamilika na kuwa mkusanyiko wa vipande ndani ya pakiti. Mnunuzi hakununua tena askari. Alinunua uwezekano wa kuwa na askari.

5. Metali na tatizo la uzito

Aliyefungua pakiti ya vipande vya metali alikutana kwanza na uzito. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.3, ya bati gramu 7.3, na ya resini ya poliyurethani gramu moja na ziada ndogo. Bawa la joka la aloi ya bati huwa na uzito unaokaribia mara saba ya bawa la ukubwa huohuo la resini. Bawa hilo huning'inia pembeni mwa mwili, na uzito wake wote huvuta kiungo kwa mkao wa kupinda, yaani kwa namna ileile ambayo sianoakrileti huimudu kwa shida.

Waunganishaji walilijibu tatizo hilo kwa kuirejelea kanuni ya kijiti cha kiberiti. Walitoboa tundu jembamba pande zote mbili za kiungo kwa keekee ya mkono, wakapenyeza kipande cha waya wa shaba au kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, ndipo wakatia gundi. Kazi hiyo ilitanguliwa na nyingine: kupunguza kwa tupa mabaki ya aloi yaliyotokea kwenye mshono wa kalibu, kukwaruza nyuso zilizo laini mno ili zishike, na kuosha kwa maji ya sabuni ili kuondoa unga na mafuta. Waya ulibeba uzito, nayo gundi ilizuia vipande visizunguke. Palipokuwa na mwanya kati ya vipande, sianoakrileti haikufaa, na epoksi ya sehemu mbili ilitumika kwa sababu huujaza mwanya na kukauka bila kusinyaa sana.

Mfuatano huu wa kazi ni ushahidi muhimu kwa hoja ya makala haya. Laiti nguvu ya gundi ingetosha, keekee na waya visingehitajika. Ukweli ni kwamba gundi iliyowezesha kisanamu kuuzwa kikiwa vipande haikuweza peke yake kukishikilia. Pengo kati ya hali hizo mbili lilizibwa na kazi ya mnunuzi, ambayo haikulipwa na haikuhesabiwa katika bei.

6. Resini, na pale inapokutana na metali

Resini ya poliyurethani ina asili yake katika kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Katika visanamu ilivutia kwa sababu ilihitaji mtaji mdogo. Kalibu ya mpira wa silikoni iliweza kutengenezwa katika chumba kidogo, na vimiminika viwili vikachanganywa na kumiminwa bila tanuri. Mpira wa silikoni ni laini kuliko ule wa kusubia metali, na hivyo huruhusu maumbo yenye mikunjo zaidi. Vipande vilikuwa vyepesi, na tatizo la uzito likapungua.

Matatizo mengine yalichukua nafasi yake. La kwanza ni mafuta ya kuachanishia, ambayo hupakwa ndani ya kalibu ili kipande kitoke. Mabaki yake hubaki juu ya resini bila kuonekana, na gundi hushika mafuta badala ya kushika kipande. Kiungo huonekana kimekamilika, kisha hubanduka kikiwa safi pande zote mbili. Dawa yake ni kuosha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki kabla ya kazi nyingine yoyote. La pili ni viputo vya hewa, ambavyo huacha mashimo hasa kwenye ncha na pembe. La tatu ni kupinda: upanga wa resini ukipinda, hunyooshwa kwa kuchovya katika maji ya moto, kushikiliwa katika umbo linalotakiwa, kisha kupozwa kwa maji baridi.

Kwa aliyezoea vifaa vya polistaireni, kikwazo kikubwa kilikuwa cha dhana. Tangu miaka ya 1950, vifaa vya kampuni kama Airfix vilikuwa vimewazoesha Waingereza gundi ya plastiki. Gundi hiyo kwa hakika ni kiyeyushi: huzilainisha nyuso mbili za polistaireni, molekuli zake huchangamana, na kiyeyushi kikishavukiza vipande hubaki kuwa kitu kimoja. Resini ya poliyurethani haiyeyushwi hivyo, wala metali. Mtu aliyeitumia gundi hiyo kwenye resini hakupata kiungo dhaifu; hakupata kiungo chochote.

Mahali ambapo matatizo yote hukutana ni katika vifaa vya mchanganyiko. Mfano mzuri ni magari ya vita ya mchezo wa Flames of War, uliotolewa na kampuni ya Battlefront ya New Zealand mwaka 2002. Kwa miaka mingi vifaru vyake vilikuwa na mwili wa resini, ilhali minyororo na mizinga ilikuwa ya metali. Resini husinyaa kidogo inapoganda, na aloi nayo husinyaa kwa kiasi chake inapopoa. Kwa hiyo sehemu zilizotoka katika kalibu mbili tofauti huweza kukutana zikiwa na mwanya. Isitoshe, resini hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko bati au risasi, na kila badiliko la joto hukisukuma kiungo. Ndiyo sababu waunganishaji wanaotaka kutenganisha kiungo cha sianoakrileti hukitia kisanamu katika jokofu: baridi huifanya gundi kuwa na wepesi zaidi wa kuvunjika, na tofauti ya kusinyaa humaliza kazi.

7. Pingamizi: je, si sheria ndiyo iliyoamua?

Mtafiti anaweza kupinga kwamba mabadiliko haya yaliletwa na sheria na gharama za malighafi, si na suala la kuunga. Pingamizi hilo lina uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, hoja ya kudhibiti risasi katika jimbo la New York iliwashtua watengenezaji. Kampuni ya Ral Partha ya Marekani ilileta aloi isiyo na risasi iliyoiita Ralidium, na katika muongo huohuo Games Workshop nayo ikaachana na risasi. Aloi za bati zilikuwa ghali zaidi. Mwezi Mei mwaka 2011 Games Workshop ilianza kubadilisha visanamu vyake vya metali kwa vya resini, chini ya jina la Finecast.

Hata hivyo, sheria na bei vinaeleza ni malighafi gani iliyochaguliwa. Havielezi nani aliachiwa kazi ya kuiunga. Risasi ilipoondolewa, aloi ngumu zaidi ya bati ilifanya kutoboa kwa keekee kuwe kugumu zaidi, lakini kisanamu kiliendelea kuuzwa kikiwa vipande. Ilipoingia resini, keekee ilipumzika kiasi, na mswaki na sabuni vikashika nafasi. Katika kila badiliko mtengenezaji alifanya uamuzi, na mnunuzi alijifunza upya.

8. Hatari zilizohama pamoja na kazi

Uhamisho wa kazi una upande wa afya ambao haujapewa uzito unaostahili. Vumbi la risasi linalotokana na kupiga tupa ni sumu likimezwa, na mezani pa nyumbani mikono iliyolishika ndiyo hushika pia chakula. Resini iliyokwisha kuganda haina ukali wa vimiminika vyake, lakini vumbi lake jembamba likivutwa hudhuru mapafu. Kwa hiyo hupigwa msasa likiwa limelowa maji, na mpigaji akiwa amevaa barakoa. Sianoakrileti hushikanisha ngozi, mvuke wake huwasha macho na koo, na ikimwagika kwenye kitambaa cha pamba huweza kutoa joto la kuunguza.

Kiwandani hatari kama hizi zina sheria. Umoja wa Ulaya umeweka sharti kwamba kuanzia tarehe 24 Agosti 2023, wanaotumia diisosianeti viwandani au kitaaluma katika mchanganyiko wenye kiasi cha asilimia 0.1 au zaidi wapate kwanza mafunzo. Diisosianeti ni mojawapo ya malighafi za poliyurethani. Sharti hilo humlinda anayemimina resini kama kazi. Halimfikii anayeimimina nyumbani kwa ajili ya uraibu wake, wala anayekata na kusugua kipande kilichokwisha kuganda. Huyo wa mwisho hutegemea karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti, kama ipo, na busara ya waliomtangulia.

9. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya kuunga visanamu haiwezi kusimuliwa kama ushindi wa gundi moja. Epoksi na sianoakrileti zilifungua mlango, kalibu ililazimisha umbo ligawanywe, na soko likampa mnunuzi vipande. Kila malighafi ilileta masharti yake: metali ilidai waya kwa sababu ya uzito, resini ilidai kuoshwa kwa sababu ya mafuta ya kalibu, na mchanganyiko wa vyote viwili ulidai epoksi na subira. Kijiti cha kiberiti katika shingo ya askari wa risasi na waya wa shaba katika bega la joka ni majibu ya swali lilelile, ila la kwanza lilitolewa baada ya ajali, na la pili limekuwa sehemu ya kawaida ya kununua.

Kwa watafiti wa historia ya teknolojia, mfano huu mdogo unaelekeza kwenye swali pana kuhusu bidhaa zote zinazouzwa zikiwa vipande, kuanzia samani hadi vyombo vya nyumbani. Gundi inaposifiwa kwa kurahisisha kazi, inafaa kuulizwa kazi hiyo ilikuwa ya nani kabla yake, na imekuwa ya nani baada yake.